Kaburi la Mtani

Tulimwacha Badru ameketi ukingoni mwa kaburi lake, miguu ikining'inia ndani, mtutu wa bunduki kisogoni. Wiki nzima mmenisumbua: kafa, hajafa? Jamani, tulieni. Miguu bado inaning'inia.

Kwa wewe uliyenunua gazeti la leo kwa ajili ya kufungia maandazi, nikwambie upesi maana bunduki haisubiri. Hapa ni Misri, jangwani, mbali na lami. Ritha ni muuza machungwa wa Muheza. Badru ni fundi gari wa Pongwe. Wamekuja kutalii na Mwalimu Hosea, aliyewafundisha wote wawili kusoma, hesabu na historia shule ya msingi. Wameshaona piramidi, wameshapanda ngamia, na Badru ameshaanguka kwenye ngamia. Mwongozaji wao, Nasri, ni mtoto wa Mabokweni aliyehamia huku zamani, naye pia kapita mikononi mwa Mwalimu Hosea. Walifurahi kumpata mtu wa kwao ugenini.

Kumbe mtu wa kwao ni mwizi wa makaburi ya kale. Badru alimfuma na kichwa kidogo cha dhahabu, ukubwa wa chungwa, kilichotolewa kwenye kaburi la mfalme. Akakikwapua, akakificha. Sasa Nasri anakitaka.

"Mara ya mwisho nakuuliza," alisema Nasri. "Kichwa kiko wapi?"

Badru alitema damu mchangani. "Kichwa ninacho kimoja tu, na bado nakitumia."

Yule jamaa mnene aliyeshika bunduki hakujua neno la Kiswahili, ila dharau aliielewa. Alimpiga Badru kwa kitako cha bunduki sikioni. Badru akayumba, mikono imefungwa nyuma, nusura atumbukie.

Ritha alifumba macho. Aliyafumbua akamkumbuka Bi Mwanasiti, mama yake Badru, siku ile stendi ya Tanga. Bibi yule alimshika mkono, akamwambia mbele za watu: "Mtani, huyu mwanangu nakukabidhi. Ukirudi peke yako, nakuzika wewe." Watu walicheka, na Ritha naye alicheka.

"Mwalimu, mwambie aseme," Nasri alimgeukia Mwalimu Hosea. "Wewe atakusikiliza."

Mwalimu alikuwa ameketi kwenye kivuli cha gari la watalii, mikono imefungwa nyuma, mkoba wake wa ngozi mapajani. Kando yake alisimama kijana mwenye kibandiko usoni na bastola mkononi. Mizigo ya Ritha na Badru ilikuwa imepekuliwa mpaka soksi. Mkoba wa Mwalimu haukuguswa. Nani huko kwetu apekue mkoba wa mwalimu wake? Hata Nasri, alipomfunga kamba, alianza na shikamoo, na kamba yenyewe hakuikaza.

"Sema, mwanangu," alisema Mwalimu kwa sauti ndogo. "Dhahabu si roho."

Badru aligeuza shingo, sikio likichuruzika damu. Alimtazama mzee yule.

"Shikamoo, mwalimu," alisema.

Mwalimu hakuitikia. Aliangalia viatu vyake. Ritha alidhani ni hofu, akamwonea huruma.

Nasri aliishiwa subira. "Mfungueni huyo mwanamke. Yeye ndiye atakayemfukia," alisema, kisha akarudia kwa Kiarabu.

Kibandiko akaja, akamkata Ritha kamba, akarudi kwa Mwalimu. Ritha alisogea hadi ukingoni. Kaburi lilichimbwa na Badru mwenyewe kwa kulazimishwa, na koleo lilikuwa bado limesimama humo ndani, limechomekwa mchangani.

Hapo ndipo Ritha alipofanya jambo ambalo Wamisri wale wawili watalisimulia mpaka siku ya kufa kwao, ambayo, niwaibie siri, haikuwa mbali.

Alirukia kaburini. Akajilaza chali, akakunja mikono kifuani, akaanza kucheka.

Nyinyi wa Tanga mmeshaelewa. Wa bara, nisikilizeni. Ritha ni Mbondei. Badru ni Mdigo. Kwa hadithi yetu hii, wale ni watani tangu mababu. Mtani akifiwa, mtani wake huja msibani kuharibu kilio. Hulala kaburini kabla ya maiti, hutukana marehemu, hukataa kutoka. Huwezi kumpiga wala kumkasirikia. Unampa anachotaka, halafu mfiwa mwenyewe anamwinamia na kumtoa kwa mkono wake. Bila hivyo hakuna maziko.

"Hili kaburi ni langu," alisema Ritha kutoka chini. "Huyu Mdigo mchafu hawezi kulala mahali pasafi hivi. Hata kuoga hajui. Mtafutieni shimo la taka."

Mnene alimtazama Nasri, akauliza kitu kwa Kiarabu. Midomo ya Nasri ilikuwa imeanza kutetemeka pembeni.

"Toka humo," alisema, lakini sauti haikuwa ile ya mwanzo.

"Nitoke niende wapi? Wewe si Mdigo? Wewe ndiye mfiwa hapa. Umeleta maiti wako hata sanda hana. Wadigo nyie mna aibu gani?"

"Ritha, acha."

"Niache nini, mtani? Miaka yote umekaa Misri umesahau hata kuzika? Mama yako huko Mabokweni anajua mwanawe anazika watu bila kulipa watani?"

Nasri akacheka.

Kicheko kilimtoka bila kuombwa. Mtu anaweza kuhama nchi, akabadili chakula na lugha, akawa muuaji, lakini utani ulioingia na maziwa ya mama hautoki. Alicheka mpaka akashika mbavu. Badru naye, damu inamtiririka shingoni, akacheka. Mnene akaona watu wote wana wazimu, akashusha mtutu kidogo.

"Haya, mtani, unataka nini?" Nasri alijifuta machozi.

"Kilemba chako."

Alikifungua kichwani, kitambaa kirefu cheusi, akamrushia. Ritha alikizungusha shingoni mwake kwa maringo, akanyoosha mkono juu.

"Sasa nitoe, mfiwa. Kwa heshima."

Nasri aliinama, akampa mkono.

Hilo ndilo kosa lake. Mwarabu asingelifanya, Mzungu asingelifanya. Ni mtu wa Tanga peke yake anayeweza kumpa mkono mtu aliyetoka kumhukumu kumfukia mwenzake.

Ritha alibeba matenga ya machungwa tangu usichana. Aliushika mkono ule kwa mikono yake miwili, akaukita mguu ukutani mwa shimo, akavuta. Nasri alikuja kichwakichwa. Uso uligonga chini, bunduki iliyokuwa mgongoni ikamzungukia tumboni, akailalia. Kabla hajajua yuko wapi, Ritha alikuwa ameshang'oa koleo.

Pigo la kwanza lilimpata begani. La pili likampata utosini, likatoa mlio wa nazi inapopasuliwa. Nasri akalegea. Ritha hakungoja kuona kama anapumua.

Juu, Mnene aliinua bunduki, akalenga shimoni. Badru hakuwa na mikono, alikuwa na kichwa. Alijirusha kinyumenyume, akainuka kwa magoti, akamgonga Mnene tumboni kwa utosi wake. Bunduki ikalia. Risasi ikaingia ubavuni mwa Badru na kutokea upande wa pili. Aliguna tu, akaendelea kumsukuma.

Ritha alitoka shimoni kwa magoti na viwiko. Koleo lilimkuta Mnene kwenye kiganja, mfupa ukalia, bunduki ikaanguka. Mnene akachomoa kisu kwa mkono wa kushoto, akamchana Ritha mkono kuanzia kiwiko mpaka bega. Ritha hakusikia maumivu. Alisikia hasira tu, hasira tamu, na aliinua koleo akampiga nalo usoni. Akampiga tena alipokuwa chini. Akampiga na pigo moja ambalo halikuwa na haja, na hilo ndilo atakaloliota usingizini, masikini.

Ndipo akakumbuka Kibandiko. Bastola. Alijua risasi ipo njiani, akageuka akiwa ameshakubali kufa.

Mlio ulisikika, lakini yeye alibaki wima.

Kando ya gari, Kibandiko alikuwa amelala kifudifudi. Mwalimu Hosea alisimama juu yake, mikono huru, bastola ya kijana yule mkononi, mkoba begani.

"Ingieni garini," alisema Mwalimu. "Upesi."

Ritha angekuwa na akili ya kuuliza, angeuliza kamba zimefunguka saa ngapi. Hakuwa nayo. Alimkata Badru kamba kwa kisu cha Mnene, akavua kile kilemba cheusi shingoni, akamfunga nacho tumboni, akakaza mpaka Badru akalia.

"Ngoja nitoboe magurudumu ya gari la wezi hawa," alisema Ritha. "Nasri simwamini hata akiwa maiti."

"Hakuna muda," alifoka Mwalimu, ameshawasha injini. "Panda."

Alimkokota Badru hadi kiti cha nyuma, akapanda. Mlango ulipofungwa ndipo alipogundua koleo lilikuwa bado mkononi mwake. Bunduki zote waliziacha mchangani. Mtu aliyetoka kuponea chupuchupu hafanyi hesabu nzuri.

Gari likaondoka kwa kishindo. Ritha alikilaza kichwa cha Badru mapajani mwake, akakandamiza jeraha kwa viganja vyote viwili. Kilemba kilikuwa kimeshalowa.

"Mtani," alisema Badru, "umenitukana sana mbele ya wageni."

"Nyamaza. Utatukanwa zaidi tukifika hospitali."

"Mama atacheka."

"Atacheka akikuona. Usilale. Ukilala nakuzaba kofi."

Badru alitabasamu, meno mekundu. Kisha tabasamu likaisha, akamvuta Ritha sikio karibu na mdomo wake.

"Bado anacho?"

"Nani? Nini?"

"Mwalimu. Kile kichwa. Nilimpa yeye, siku ileile. Nilimwambia apeleke polisi."

Ritha alimwinamia. "Ulimpa Mwalimu? Na pale kaburini, ukapigwa vile, ukanyamaza?"

"Ningesema, wangemuua. Ni mwalimu wangu, Ritha."

Sasa ndipo vitu vikaanza kumjia kimoja baada ya kingine. Mkoba mapajani. Kamba zilizofunguka. Shikamoo iliyokosa marahaba. Mwalimu Hosea, mtu aliyekuwa akiitikia marahaba hata kwa kasuku wa jirani, alimwangalia mtoto aliyemfundisha kusoma akienda kuuawa kwa ajili yake, akatazama viatu.

Akainua macho kuangalia njia. Asubuhi walikuja jua likiwachoma visogoni. Wakirudi lilipaswa kuwachoma machoni, maana hata adhuhuri ilikuwa haijafika. Lakini kisogo chake kilikuwa kinaungua. Walikuwa wanazidi kuingia jangwani.

Kwenye kioo cha dereva, macho ya Mwalimu yalikuwa yanamtazama.

"Umesikia, Mwalimu?" aliuliza Ritha.

"Nimesikia."

Gari likapunguza mwendo, likasimama. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, ila hawakusema kwamba wakati mwingine ndicho kilichokufundisha methali yenyewe.

Mwalimu alishuka, akafungua mlango wa nyuma, akamwelekezea Ritha bastola. Machozi yalikuwa yanamtoka, na wallahi yalikuwa machozi ya kweli.

"Shuka. Na hilo koleo."

"Mwalimu, Badru anakufa. Kichukue hicho kichwa, nenda nacho, tupeleke tu hospitali. Hatutasema."

"Badru hatasema? Huyu anayempelekea polisi dhahabu?" Mwalimu alicheka kwa uchungu. "Unajua nimewachorea wafalme hawa ubaoni mara ngapi? Chaki imeniingia kifuani mpaka nakohoa. Vidole vyangu havijawahi kugusa kitu chao hata kimoja. Halafu mtoto niliyemfundisha kusoma ananiwekea mfalme kiganjani, ananiambia peleka polisi."

"Kwa hiyo ukamwacha achinjwe."

"Nasri angemaliza. Ningelia, Ritha. Ningelia kweli. Tungerudi mimi na wewe mpaka Pongwe kwa Bi Mwanasiti tukalia wote." Alifuta pua kwa bega. "Kwa nini uliruka? Nani alikutuma uruke?"

Ritha alishuka. Mkono wake uliochanwa ulianza kuuma sasa, na alishukuru, maana maumivu yalimweka macho.

"Chimba," alisema Mwalimu. "Mimi si mtu wa kuacha watu wakauke juani."

"Chimba mwenyewe."

Mwalimu alipiga risasi chini, karibu na mguu wa Ritha. Mchanga ukamrukia Ritha usoni. "Risasi ya pili haitakuwa ya mchanga."

Akachimba. Kila koleo moja alilotoa, nusu ilirudi. Alichimba polepole akimtazama Badru mlangoni mwa gari, uso wake umekuwa kijivu, kilemba kinadondosha matone. Kila dakika aliyoiiba kwa Mwalimu, alikuwa anaiiba kwa Badru vilevile. Akichimba haraka, wanakufa. Akichimba taratibu, Badru anakufa. Aliomba Mungu amwonyeshe njia ya tatu, na mbingu ilikuwa tupu.

Shimo lilikuwa na kina cha goti aliposikia kitu kikianguka.

Badru alikuwa amejitupa kutoka garini. Alitambaa kwa viwiko, akiacha mfereji mwekundu nyuma yake, akiguna kila hatua. Mwalimu alimwamuru asimame. Badru hakusikia, au alisikia na kupuuza kama alivyokuwa akipuuza hesabu za kugawanya. Alifika ukingoni, akajiviringisha, akaangukia shimoni miguuni mwa Ritha. Akageuka chali. Akakunja mikono kifuani.

"Zamu yangu, mtani," alisema. "Hili shimo halimfai Mbondei. Mbondei azikwe kwenye tenga."

Ritha alitaka kulia, akajikuta anacheka, na kicheko chenyewe kilikuwa kilio.

"Mtoe," alisema Mwalimu.

"Mtoe wewe. Mila unaijua. Kwa mkono wako."

Kwa nukta moja Mwalimu Hosea aliitazama ile nafasi kati yake na Badru, na mkono wake wa kushoto ukasogea kidogo wenyewe, kama ule wa Nasri. Halafu akaurudisha mgongoni, akapiga hatua nyuma.

"Mimi si Nasri. Mkono wangu huupati." Akainua bastola, akaielekeza kwenye paji la uso la Badru. "Nisamehe, mwanangu."

"Shikamoo, mwalimu," alisema Badru.

Midomo ya Mwalimu ilifunguka. Ritha aliinua koleo akijua atachelewa.

Mlio ukapasua jangwa zima.

Badru alipepesa macho. Alikuwa mzima kama alivyokuwa. Ritha alikuwa mzima. Mwalimu Hosea aliinamisha kichwa, akatazama kifua cha shati lake kama mtu aliyemwagikiwa chai. Bastola ilimponyoka. Mkoba ukateleza begani, ukafunguka, na kichwa kidogo cha dhahabu kikabingirika hadi ukingoni mwa shimo, kikasimama kinamtazama Badru.

"Marahaba," alisema Mwalimu, akaanguka.

Ritha aligeuka. Gari la wezi lilikuwa limesimama kileleni mwa kilima cha mchanga, magurudumu yake yote mazima. Mbele yake alisimama mtu mwenye bunduki, kichwa wazi, damu na mchanga vimemganda usoni mpaka jicho moja halionekani.

Nasri alishuka kilima taratibu, akichechemea. Mwili wa Mwalimu hakuutazama, na ile dhahabu aliivuka kama anavuka jiwe. Alisimama juu ya shimo, akaushusha mtutu tumboni mwa Badru, pale kitambaa cheusi kilipokuwa kimekaza, kinazuia uhai usimwagike.

"Mtani," alimwambia Ritha, "nimefuata kilemba changu. Kifungue."